Vidonge vya Malaria na Nidhamu ya Askari



Mkazi wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, apatwapo na malaria hupewa leo dawa ambayo baba yake hakuijua. Dawa ya baba yake ilikuwa klorokwini. Iliwawasha watu mwili mzima usiku kucha, lakini si kwa sababu hiyo ilipoachwa. Iliachwa kwa kuwa vijidudu vya malaria vilikwisha kuizoea. Katika mlipuko wa miaka ya 2000 na 2001, Burundi, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 7, iliandikisha wagonjwa karibu milioni 3. Mwezi Novemba 2003 nchi ikachukua mseto wa artesuneti na amodiakwini.

Dawa hiyo iliponya, lakini iliwalegeza watu. Wagonjwa walilalamikia uchovu na kutapika. Na mtu aliyeona homa imeshuka siku ya kwanza alikuwa na kila kishawishi cha kuvitupa vidonge vya siku mbili zilizobaki, na hivyo kuwaachia vijidudu vilivyo vigumu zaidi nafasi ya kuishi.

Jeshi liliwahi kulijua tatizo hili. Mwaka 1943, katika vita vya Burma, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele, waliondolewa wagonjwa 120. Askari walipewa mepakrini, kidonge kilichoifanya ngozi kuwa ya manjano. Uvumi ukaenea makambini kwamba kinaondoa nguvu za kiume, wengi wakakitema. Jenerali Slim, ambaye chini ya Jeshi lake la 14 askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, aliamuru vikosi vipimwe kwa ghafla, akawaondoa makamanda watatu ambao askari wao hawakuwa wakimeza. Malaria ikapungua sana.

Hapana shaka amri ile ilifaa. Hata hivyo, amri humezesha kidonge tu, haiondoi hofu. Habari ya nguvu za kiume ilikuwa uongo. Habari ya ngozi ya manjano ilikuwa kweli, na wachache walipatwa hata na kuchanganyikiwa akili. Askari asiyeambiwa lililo kweli ataamini na lisilo kweli.

Amodiakwini nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1980 wasafiri walioimeza kila wiki ili kujikinga walipatwa na upungufu mkubwa wa chembe nyeupe za damu na maradhi ya ini, na baadhi yao wakafa. Ndiyo maana haitumiwi tena kwa kinga ya namna hiyo. Kutibu kwa siku tatu ni jambo jingine.

Baadaye Burundi ilihamia artemeta na lumefantrini: dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini. Kizunguzungu na kichefuchefu vyaweza kutokea, na si sababu ya kuacha. Anayetapika kabla ya saa moja kupita hurudia dozi ile. Anayetapika kila kitu, anayepata degedege au anayepotewa na fahamu hahitaji tena vidonge. Apelekwe hospitali mara moja, akapewe artesuneti ya sindano.