Steringi Hafi

Ukitoka mjini Dar es Salaam kwa Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, hapo Msasani utaupita ukuta mrefu wa Ubalozi wa Marekani. Ubalozi ulihamia pale mwaka 2003, baada ya bomu la Agosti 7, 1998 kuua watu 11 kwenye jengo lake la awali. Wazee wa jiji wakipita hapo hukumbuka kitu kingine: skrini kubwa nyeupe iliyosimama chini ya nyota. Ndipo ilipokuwa Drive-In, sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako familia iliingia na gari, watoto na chakula chake, ikatazama pikcha huku upepo wa bahari ukivuma.

Sinema imeondoka, lakini imetuachia neno. Kutoka Msasani hadi Bagamoyo, mhusika mkuu wa filamu anaitwa steringi. Anayempinga ni adui. Aliyechelewa kuingia huuliza kwanza, steringi ni yupi? Akishaonyeshwa, hutulia, kwa sababu sheria anaijua tangu utotoni: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini, lakini mwisho wa pikcha atakuwa amesimama.

Kwa watu waliolelewa na sheria hiyo, James Bond ni mtihani wa pekee. Jina ni lile lile, kazi ni ile ile, sura inabadilika. Tangu mwaka 1962, filamu ya kwanza ilipotoka London, Tanganyika ikiwa haijatimiza mwaka tangu ipate uhuru, waigizaji sita wamemcheza katika mfululizo wake rasmi, na kila badiliko lilizua ubishi.

Wa kwanza naye hakupokewa kwa shangwe. Sean Connery alikuwa Mskoti aliyewahi kusambaza maziwa mitaani Edinburgh, na Ian Fleming, mtunzi wa vitabu vya Bond, alimwona hana uungwana wa kutosha. Baada ya kumwona kazini alibadili mawazo, na katika kitabu cha mwaka 1964 akampa Bond baba Mskoti. Miaka michache baadaye dunia nzima ilikuwa imegeuka kama Fleming: Connery ndiye Bond, mwingine hapana. Masikini George Lazenby, Mwaustralia aliyetoka kwenye matangazo ya biashara, alicheza filamu moja tu mwaka 1969, kisha Connery akarudishwa. Roger Moore aliingia mwaka 1973, akadumu kwa filamu saba. Timothy Dalton akafuata na mbili, kisha Pierce Brosnan mwaka 1995.

Wakati wa Brosnan, pwani yetu haikuwa tena ya majumba ya sinema. Ulikuwa wakati wa mabanda ya video: mabati, mabenchi, jenereta, runinga moja juu ya meza, na watoto wakichungulia kwenye matundu. Kiingereza cha Bond wengi hatukukielewa, na hapo ndipo watu kama Lufufu wa Dar es Salaam walipojipatia heshima yao. Alishika kipaza sauti akaisimulia pikcha kwa Kiswahili, akiongeza chumvi panapohitajika na kuwapa wahusika misemo ya mitaani. Naamini kazi hiyo haijapewa nafasi inayostahili katika historia ya sanaa yetu. Mtazamaji aliyemzoea msimulizi hakuyumbishwa sana na sura mpya, kwa kuwa sauti ilibaki ile ile.

Oktoba 2005 alitangazwa Daniel Craig. Alifikishwa kwa boti ya kijeshi kwenye mto Thames akiwa amevaa boya, na magazeti ya Uingereza yakamcheka: kafupi, nywele za rangi ya dhahabu, na boya juu yake! Sisi tunaoijua bahari hii, tuliozika watu wake, hatuoni aibu yoyote kwa mtu kuvaa boya. Wapo waliotaka filamu isusiwe. Casino Royale ilipotoka mwaka 2006 iliingiza karibu dola milioni 600, na kelele zikaisha.

Filamu hiyo inatugusa kwa jambo jingine. Mwanzoni inatupeleka Mbale, Uganda, kwenye kambi ya waasi, ingawa Mbale hiyo ilitengenezwa katika msitu wa Uingereza. Mkuu wa waasi, Obanno, anachezwa na Isaach de Bankolé kutoka Ivory Coast. Yaani Afrika Mashariki ilipofika kwenye Bond, ililetwa kama nyumba ya adui. Katika filamu ya kwanza ya Moore, mwaka 1973, adui alikuwa Kananga, mtu mweusi pia. Steringi alibadilishwa sura mara tano, na mara zote tano rangi ilibaki moja.

Basi mwigizaji Idris Elba, mwana wa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alipoanza kutajwa kuwa anafaa, majibu yakawa makali kuliko yale ya nywele za Craig. Mwaka 2015 Anthony Horowitz, aliyepewa kazi ya kuandika riwaya mpya ya Bond, alisema Elba ana umitaani mno, kisha akaomba radhi. Elba mwenyewe alieleza mwaka 2023 kwamba maneno ya kibaguzi yalimwondolea hamu. Mwaka uliofuata Serikali ya Zanzibar ikatangaza kumpa ardhi ya karibu hekta 80 ajenge studio ya filamu. Mtu aliyeambiwa hafai kuwa steringi amepewa kiwanja ng'ambo ya Bagamoyo, pale majahazi yanapovukia.

Na mwaka 2021 Bond wa Craig alikufa. Alikufa kweli, kwa makombora, mbele ya macho yetu, na sheria ya banda la video ikavunjwa. Atakayefuata atavaa nguo za marehemu.

Wakati tukibishania sura za Mwingereza huyo, kwenye rafu tunaye wetu. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya Kananga, Aristablus Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona: jasusi wa Tanzania anayetumwa na Chifu wake kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru. Alimfuatishia Kikosi cha Kisasi, Njama, Kikomo na vinginevyo. Hapa steringi ni Mwafrika, na anachopigania ni ukombozi wa kusini mwa bara. Musiba alifariki mwaka 2010 na vitabu vyake bado vinaazimwa hadi vinakosa jalada.

Mimi nimemjua Willy kwenye kurasa tu. Hapo Bagamoyo, tangu mwaka 1981, kuna chuo cha sanaa kinachofundisha vijana kuigiza, na kila nikipita nawatazama mmoja mmoja. Willy wangu ni mwembamba, mweusi tii, ana sauti ya chini na hatua za mtu asiye na haraka. Siku mtu akiniletea mwingine, nitagombana naye.