Ploti za Mpakani na Mstari wa 1902

Ukikaa barazani baada ya tarawehe, Busia au Malaba, mazungumzo hayakawii kufika kwenye ploti. Fulani kauza, fulani kanunua, vijana sita wanataka kuchanga. Ni jambo jema. Lakini kabla ya kutoa pesa tujue miji hii imetoka wapi, maana bei ya ploti hapa haikuletwa na udongo. Ililetwa na mpaka.

Mwaka 1902 Waingereza waliuchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi Naivasha, wakauunga na ile inayoitwa Kenya leo. Mstari mpya ukawapita Wasamia na Wateso katikati, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta nchi mbili. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba. Miaka ya 1970, Uganda ya Idi Amin ilipokosa hata sabuni na chumvi, magendo yalishika kasi. (Neno bodaboda nalo ni letu, limetokana na baiskeli zilizovusha watu mpakani.)

Kisha malori. Bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu mwaka 1994 likaishia huko, kwa hiyo mafuta ya Uganda yakawa ya kubebwa na matanki kupitia kwetu. Dereva alingoja karatasi siku mbili tatu, na dereva anayengoja hulala na hula. Wenye vyumba wakajenga vingine.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ploti na ujenzi vimekula shilingi 2,400,000, vyumba 8, kila kimoja kodi 3,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima ni 288,000, yaani asilimia 12. Nusu vikikaa tupu ni asilimia 6, na bado hujapaka rangi wala hujalipa maji. Muuzaji atakupa hesabu ya kwanza tu. Februari 2018 Marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, lori likawa linasimama mara moja tu, upande linakoingia. Foleni kubwa zilirudi mwaka 2020 na Januari 2022 kwa sababu ya vipimo vya korona, lakini nani ajenge nyumba kwa kutegemea korona? Mimi ningeuliza ni wapangaji wangapi ni walimu, wauguzi na wachuuzi wa hapa hapa.

Jambo la pili ni mkataba, na hapa ule mstari wa 1902 unarudi. Kwa Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, tena isizidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa ya raia ikiwa wenye hisa wote ni raia. Kwa hiyo vijana sita wakisajili kampuni, na mmoja ni binamu yao wa Tororo mwenye hisa moja tu, kampuni nzima ni ya kigeni! Kumficha nyuma ya jina la mwingine hakusaidii, kwani Katiba imeutaja hata udhamini. Bora ploti ya mjini ikodiwe kwa muda unaojulikana, iandikishwe, na faida na hasara ziandikwe kama inavyotakiwa katika musharaka: faida kwa mapatano, hasara kwa kadiri ya mtaji. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tunaandikiana kwenye karatasi ya daftari.

Na kwa shamba la pembeni mwa mji, sheria ya mwaka 1967 inataka kibali cha Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali mkataba ni batili, unabaki na haki ya kudai pesa zako tu.

Kuna vijana ninaowajua walifanya sachi vizuri, taito ilikuwa safi, wakalipa yote siku moja mbele ya wazee. Bodi hawakwenda. Mwenye shamba alipofariki, watoto wake wakakataa. Pesa zilirudi, shilingi kwa shilingi, baada ya miaka minne, na shamba la jirani wakati huo lilikuwa limeshapanda bei mara mbili.