Nani Aliyemvunjia Mwalimu Heshima? Hoja kutoka Magamba na Bukoba

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuporomoka kwa heshima ya mwalimu huanzia chini: simu, utandawazi, haki za mtoto, wazazi wasiolea. Ndiyo lugha ya vikao vya wazazi, Magamba ya Mpanda kama kwingineko, na wasomi huirudia kwa istilahi nzito. Tom Nichols, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu kifo cha utaalamu, anamlaumu Mmarekani anayeperuzi intaneti kisha akajiona sawa na daktari. Hoja hiyo tumeipokea nzimanzima. Naipinga. Kwetu heshima ya mwalimu imemomonyolewa kutoka juu. Mtoto ameiga tu.

Tazama Bukoba, Februari 2009. Mkuu wa wilaya, Albert Mnali, alikasirishwa na matokeo mabaya ya mitihani, akaagiza walimu wa shule za msingi wachapwe viboko. Aliyeshika fimbo alikuwa askari polisi. Waliochapwa walikuwa walimu 19. Tuhuma zilikuwa uchelewaji, utoro na kutofuata muhtasari. Rais Kikwete alimfukuza kazi Mnali, na mjadala ukafungwa, mapema mno kwa maoni yangu. Tuhuma zote hizo zilikuwa na njia zake za kinidhamu. Isitoshe, kanuni za viboko shuleni zinataka mwanafunzi asichapwe zaidi ya viboko vinne, achapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na adhabu iandikwe daftarini. Kwa maana hiyo, siku ile mtoto wa darasa la tatu alikuwa na kinga kubwa ya kisheria kuliko mwalimu wake. Mnali aliondoka, dhana iliyomwezesha ilibaki: kwamba mtihani ukifeli, anayetafutwa ni mkosaji, na mwalimu hahitaji kuulizwa kitaalamu kilichotokea darasani.

Watasema walimu wenyewe walijishusha kwa elimu haba. Haba kwa uamuzi wa nani? Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu wakaandaliwa harakaharaka, wakabandikwa jina la Ualimu Pasipo Elimu. (Wengi wa waliocheka walifundishwa kusoma na hao hao.) Shule za kata zilipotapakaa miaka ya 2000, kejeli kwa walimu walioandaliwa upesi ikawa "voda fasta". Mara zote mbili serikali iliharakisha, aibu akabebeshwa mwalimu. Wapo walimu wakatili na walevi, sikatai; lakini uovu wao hueleza chuki dhidi ya mtu mmoja, hauelezi dharau kwa kada nzima.

Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 iliweka masharti ya usajili na leseni. Ni hatua, ingawa leseni haina uzito iwapo kiongozi aliye ziarani anaweza kumsimamisha mwenye nayo mstarini na kumfokea mbele ya wanafunzi. Huenda simu zina mchango wake. Naona ni mdogo.

Basi kiongozi atakayefika Magamba kuhoji matokeo aingie kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, afunge mlango, aombe maandalio ya masomo na mahudhurio, aulize, asikilize. Akikuta kosa, aliandike na kulipeleka kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu.