Fungua Historia

Babu yangu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi. Hati yake aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, na kila Januari aliitoa akaitazama. Kwa hiyo nilipoikuta makala ya Wikipedia ya Kiswahili inayoyaita matukio ya Januari 12, 1964 "mavamizi", sikungoja. Nilibonyeza "Hariri", nikalifuta neno hilo, nikaandika "Mapinduzi".

Baada ya dakika kumi neno lilikuwa limerudi. Nikalifuta. Likarudi. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua maandishi ya wenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 katika makala moja anaweza kuzuiwa kuhariri. Kwetu, mkabidhi mmoja aliufunga ukurasa kabla hatujafika huko, akatutuma kwenye Majadiliano.

Huko ndiko nilikomjua mpinzani wangu. Alikuwa akiandika kutoka Maskati.

"Assalaam alaykum, ndugu yangu," alianza. "Ushahidi wako uko wapi?"

Nikamweleza habari za babu na eka zake. Naye akanieleza habari za ami yake, aliyetoka nyumbani Jumapili ile asubuhi na mpaka leo hajulikani alikozikwa. Mkabidhi akatujibu sote wawili: poleni, lakini kamusi elezo haipokei ushahidi wa familia. Leteni vitabu.

Tukaleta. Mimi nikaleta uchaguzi wa Julai 1963: chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Yeye akaleta uhuru wa Desemba 10, 1963, na Desemba 16, siku Zanzibar ilipopokewa Umoja wa Mataifa. Serikali iliyopinduliwa ilikuwa ya dola inayotambuliwa. Nikasema walioinuka walikuwa na madai ya miaka mingi juu ya ardhi na utawala. Akasema John Okello, aliyejipa cheo cha Fildi Mashali, alizaliwa Uganda. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililolifuta jingine.

Tulikwama kwenye idadi ya waliouawa. Vitabu vinapishana mno: mia kadhaa, maelfu, hadi 20,000. Mimi niliitaka iliyo ndogo, yeye iliyo kubwa. Usiku mmoja nilijikuta nikipunguza maiti kama mtu anayeshusha bei sokoni. Nikafunga kompyuta.

Kesho yake nikapendekeza tusichague. Tutaje nani amesema idadi gani, na tuseme wazi kwamba hazilingani. Kichwa kibaki "Mapinduzi", jina linalotumiwa zaidi vitabuni, na ndani tueleze kwamba wapo wanaoyaita mavamizi, pamoja na sababu zao.

"Sawa, ndugu yangu," akajibu. "Ila naomba sentensi moja iongezwe: kwamba wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu, na wamo Wahindi pia."

Nilikuwa nimeikuta sentensi hiyo katika vitabu nilivyovileta mwenyewe. Nilikuwa nikiiruka. Ukurasa ulipofunguliwa, niliiandika kwa mkono wangu.

Juu ya kila makala kuna kitufe kilichoandikwa "Fungua historia". Ukikibonyeza unaona kila kilichofutwa, saa kilipofutwa, na aliyekifuta. Neno la mwenzangu bado limo humo, na jina langu liko pembeni yake, mara mbili.

Babu alipofariki, hati ilikuja kwangu. Niliisoma upya, mbele na nyuma. Limo jina lake, zimo eka tatu, na muhuri. Jina la aliyekuwa na shamba hilo kabla yake halimo.