Ralph Steinman na Chembe zenye Matawi

Twajua sote ya kuwa mwilini mwetu mna askari. Ni chembe nyeupe za damu, zipiganazo na vijidudu vya ugonjwa. Lakini ni nani awapashaye habari askari hao? Ni nani awaonyeshaye adui, wasije wakampiga mwenye nyumba? Swali hilo ndilo lililomshika Bwana Ralph Steinman maisha yake yote.

Alizaliwa Montreal, katika nchi ya Kanada, mwaka wa 1943. Alisomea udaktari huko Harvard, akamaliza mwaka wa 1968. Mwaka wa 1970 akaingia Chuo cha Rockefeller, mjini New York, afanye kazi pamoja na Zanvil Cohn.

Siku moja, akitazama kwa darubini chembe za bandama ya panya, aliona chache zenye umbo la ajabu. Zilinyoosha mikono kama matawi, kisha zikaikunja. Mwaka wa 1973 yeye na Cohn walizitangaza, wakazipa jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya mti.

Wengi hawakusadiki. Chembe hizo ni haba sana: katika bandama, kama moja tu katika mia. Wengine walidhani ni chembe za zamani, zilizokwisha kujulikana. Steinman hakushindana kwa maneno, bali kwa kazi. Mwaka wa 1978 alionyesha ya kuwa zawaamsha askari kwa nguvu mara 100 au zaidi kuliko chembe nyingine. Hata hivyo, ilipasa kungoja mpaka mwaka wa 1992, ambapo yeye na Bibi Kayo Inaba wa Japani, pamoja na wenzao, walipata njia ya kuzikuza kwa wingi. Tangu hapo wataalamu wengi wakaanza kuzichungua.

Basi kazi yake ni hii. Hukaa penye milango ya mwili: katika ngozi, katika mapafu, katika matumbo. Adui akiingia, humla, huchukua kipande chake, na kukipeleka katika tezi walipo askari. Huko hukionyesha wazi, na askari wanaokitambua huongezeka upesi. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda mguuni huvimba mtoki. Na mtoto akichanjwa mkononi, wajumbe hao hao ndio wapelekao habari.

Mwaka wa 2007 Steinman aliugua kansa ya kongosho, ambayo huua wengi kabla ya mwaka kwisha. Pamoja na dawa nyingine, alijaribu chanjo zilizotengenezwa kwa chembe zake mwenyewe zenye matawi. Aliishi zaidi ya miaka minne. Je, ni chanjo zilizomsaidia? Hatuwezi kusema. Mgonjwa mmoja hatoshi kuwa ushuhuda, hata akiwa ndiye mvumbuzi mwenyewe.

Alikufa tarehe 30 Septemba 2011. Siku tatu baadaye ilitangazwa ya kuwa amepewa nusu ya Tuzo la Nobel. Nusu ya pili waligawana Bruce Beutler na Jules Hoffmann. Sheria yakataza kumchagua marehemu, lakini waamuzi hawakujua habari za kifo chake, wakaliacha tuzo kama lilivyo.

Yeye hakuisikia habari hiyo. Lakini tangu siku zile za kutosadikiwa, hakungoja sifa ndipo afanye kazi. Alipoulizwa ushahidi, alirudi kwenye darubini.