Chumvi tulikuwa nayo, rovu likatoka wapi?

Ndugu msomaji, leo naomba tuachane kidogo na siasa. Nataka niongelee shingo ya bibi yangu.

Bibi mzaa baba alikuwa na rovu. Kwa wale ambao hamjawahi kuliona, rovu ni ule uvimbe unaoota mbele ya shingo, wengine huliita goita. La bibi lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na alikuwa na mazoea ya kulifunika kwa kitenge hata jua likiwa kali. Mimi nimezaliwa na kukulia Kasulu. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote, kwa sababu wazee wengi pale kijijini walikuwa nalo. Nilidhani mtu akizeeka anaota mvi na rovu! Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam ndipo nikagundua kuwa wazee wa wenzangu hawana.

Sababu nilizosikia utotoni zilikuwa nyingi. Wapo waliosema ni ukoo, wapo waliosema ni maji ya mto, wapo waliosema ni kubeba mizigo mizito kichwani. Na wapo waliosema bibi alilogwa. Hayo yote aliyavumilia. Lililomuumiza ni jingine. Mtoto wake wa nne, yaani baba yangu mdogo, alizaliwa miaka ya 1970 akiwa hasikii wala hasemi, na akili yake ikakua taratibu mno. Watu wakasema mama yake alivunja miiko akiwa mjamzito. Bibi aliishi na lawama hiyo mpaka anaingia kaburini, na sisi wajukuu, Mungu atusamehe, tulikuwa tunamcheka baba mdogo.

Nilipoingia kwenye kazi hii ya uandishi nikaanza kusoma habari za tezi na homoni. Nilichokikuta kimenifanya niandike makala haya.

Mwili wa binadamu una tezi nyingi zinazomwaga homoni kwenye damu. Homoni ni kemikali zinazobeba amri kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Kongosho linatoa insulini, na ikipungua unapata kisukari. Tezi zilizoketi juu ya figo zinatoa adrenalini, ile inayokufanya moyo ukudunde ukikutana na nyoka. Na mbele ya koo, chini kidogo ya kile kifundo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza, ipo tezi yenye umbo la kipepeo. Hii ndiyo tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kuamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, mtoto arefuke vipi, na kubwa kuliko yote, ubongo wa mtoto aliye tumboni ujengeke vipi.

Homoni ya tezi hii haitengenezeki bila madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ukijumlisha yote anayohitaji mtu katika maisha yake, hayajazi kijiko cha chai! Lakini yakikosekana, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, inaona homoni imepungua na kuiamuru thairoidi iongeze kazi. Thairoidi inatii, inajitanua ili inase kila chembe ya iodini inayopita kwenye damu. Inavimba mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo rovu. Kumbe shingo ya bibi ilikuwa tezi inayojitahidi kufanya kazi bila malighafi.

Haya hayakujulikana siku moja. Iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, kwenye majivu ya mwani wa baharini. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa iodini wagonjwa wa rovu. Uswisi wakati huo ilikuwa nchi ya marovu kama kwetu, nchi ya milima iliyo mbali na bahari. Daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa Bern alikuwa bingwa wa kuyakata. Mwaka 1883 akatoa taarifa ya kusikitisha: wagonjwa aliowaondolea tezi yote walirudi wamevimba uso, wazito wa mwili na wa akili. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuelewa kwamba ile nyama ya shingoni ina kazi kubwa. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann alikuwa ameshagundua kwamba ndani ya tezi hiyo kuna iodini, na siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall akafanikiwa kuitenga homoni yenyewe, thairoksini. Kuanzia mwaka 1922 Waswisi wakaanza kutia iodini kwenye chumvi, na mwaka 1924 jimbo la Michigan, Marekani, likafuata. Dawa ilikuwa imepatikana, na ilikuwa ya bei ya kutupa.

Sasa turudi nyumbani. Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu za Buha, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni za kutosha, migomba inastawi, maharage yanastawi. Lakini mvua hiyo hiyo imekuwa ikiosha ardhi kwa maelfu ya miaka na kuisomba iodini kwenda mitoni na hatimaye baharini. Udongo ukikosa, mazao yanakosa, na mbuzi anayekula majani ya pale anakosa pia. Mtu wa pwani anakula samaki wa bahari, anapata. Mtu wa Heru au wa Muhambwe aliyekula alichokilima mwenyewe hakuwa na pa kupatia.

Hapa ndipo msomaji utaniuliza: na chumvi je? Buha ilikosa chumvi? La hasha! Safari ya siku chache kwa miguu kutoka Heru iko Uvinza, palipo na chemchemi za maji chumvi jirani na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Mwaka 1967 wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, na walichokikuta kinaonyesha kuwa watu wamekuwa wakichemsha chumvi Uvinza kwa takriban miaka 1,500. Karne ya 19, Waha, Wavinza na wengineo walikusanyika kila kiangazi na vyungu vyao, wakachemsha, wakawalipa ushuru watemi wa Uvinza, wakaondoka na mizigo. Chumvi ile ilifika Ujiji, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wazungu kama Richard Burton, aliyepita mwaka 1858, waliisifia. Wajerumani wakajenga kiwanda, na uzalishaji ukaendelea enzi za Mwingereza na baada ya Uhuru.

Kwa hiyo bibi yangu hakukosa chumvi hata siku moja. Tatizo ni kwamba chumvi inayochemshwa kutoka chemchemi za bara huwa na iodini kidogo mno, isiyofikia mahitaji ya mwili. Hata chumvi ya bahari, ukiiacha kama ilivyo, haitoshi. Iodini lazima itiwe na binadamu. Waha walikuwa na chombo kilichofika kila chungu cha kila nyumba kwa karne nyingi, lakini kile kitu kidogo cha kutia ndani yake hakikuwepo.

Na ugali wetu nao ulichangia. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri, mabaki ya sumu hiyo yanageuzwa mwilini kuwa thayosayaneti, kemikali inayoizuia thairoidi kunasa hata ile iodini kidogo iliyopo. Jambo hili lilichunguzwa sana kwa majirani zetu, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, Kongo. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, wakiwemo François Delange na André Ermans, waliona kwamba kaskazini mwa kisiwa marovu yalijaa, na kusini magharibi yalikuwa machache, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Muhogo ukawa mmoja wa watuhumiwa wakubwa. Kwa hiyo mama zetu wanaotuhimiza tuloweke muhogo siku za kutosha wanajua wanachosema.

Serikali ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania mwaka 1973. Vipimo vilivyofanyika miaka ya 1980 vilionyesha wilaya 27 zenye hali mbaya, ambako kwa wastani watoto wa shule 61 kati ya 100 walikuwa na rovu. Kasulu na Kibondo zilikuwemo, tena wakati huo zilikuwa zinabeba pia maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yanaitwa Buhigwe na Kakonko. Kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa Sweden, watu wa wilaya hizo wakaanza kugawiwa vidonge vyenye mafuta ya iodini. Baba ananisimulia walivyopangwa foleni, wengine wakinong'ona kwamba ni vidonge vya kuzuia uzazi. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kutaka chumvi yote ya kula itiwe madini joto.

Matokeo? Utafiti wa mwaka 2004 uliopima watoto wa shule zaidi ya 140,000 Tanzania Bara ulikuta kwamba katika zile wilaya 27, rovu limeshuka kutoka asilimia 61 hadi 12.3. Ndani ya miaka isiyofika ishirini! Kaya 84 hivi kati ya 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto.

Lakini msidhani rovu ndilo lilikuwa hasara kubwa. Rovu linaonekana, ndiyo maana tunalizungumzia. Hasara kubwa haionekani. Miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana homoni yake ya thairoidi, anategemea ya mama. Mama akiwa hana iodini, ubongo wa mtoto unajengwa na upungufu, na pengine masikio yake hayafanyi kazi. Akishazaliwa hivyo, kumpa chumvi nzuri hakurudishi kilichopotea. Mwaka 2009 wanauchumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti uliosema kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vile vidonge walisoma zaidi kuliko wenzao, kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Haki itendeke: watafiti wengine waliorudia hesabu hizo baadaye walisema matokeo hayo si imara kiasi hicho. Lakini kwamba upungufu mkali wa iodini unaharibu ubongo wa mtoto tumboni, hilo halina ubishi.

Na tahadhari moja. Iodini ikizidi nayo ina madhara. Utafiti ule wa 2004 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wana iodini kupita kiasi kinachofaa. Miaka ya 1990 huko Kivu, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa nguvu, baadhi ya watu wazima wenye marovu ya siku nyingi tezi zao zilianza kumwaga homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, kukonda, mikono kutetemeka. Kwa hiyo kama una mzee mwenye rovu na unaona dalili hizo, mpeleke hospitali, usimpeleke kwa mganga. Chumvi yenye madini joto isiachwe, ila itiwe kwa kipimo.

Ndugu msomaji, baba mdogo yupo hai. Anachunga mbuzi, anapenda redio ingawa hasikii, anaweka mkono juu ya spika na kutabasamu. Hakuna daktari aliyewahi kumpima, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni iodini. Ila najua alizaliwa na mama mwenye rovu, kwenye wilaya yenye marovu, miaka kadhaa kabla ya vidonge kufika. Mwaka jana nilimweleza baba haya yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo mama hakukosea kitu." Nikamwambia hakukosea kitu.

Kilichonisukuma niandike sasa ni dada yangu. Ana mimba ya miezi mitatu. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, nikaenda naye sokoni, nikaona chumvi inapimwa kwa kopo kutoka kwenye kiroba kisicho na maandishi yoyote. Ni rahisi kidogo kuliko ya pakiti. Dada akatoa hela. Nikamshika mkono. Akaniuliza kama Dar es Salaam imenifundisha maringo!

Tulinunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Nyumbani tukaihamishia kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moto na mvuke, na nikamwomba aitie chakula kikikaribia kuiva. Tofauti ya bei haikufika nauli ya daladala. Na wewe ukienda sokoni, tafadhali, soma pakiti kabla hujalipa.