Gome Lisilojifanya Ngozi

Masimulizi ya Buganda, nchini Uganda, yanamtaja Kabaka (mfalme) Ssemakookiro, aliyeanza kutawala mwishoni mwa karne ya 18, kuwa ndiye aliyewaamuru raia wake wapande miti iitwayo mituba na kuvaa lubugo. Kabla ya hapo nguo hiyo ya gome ilikuwa ya ikulu na wakuu. Watu wa kawaida walijisitiri kwa ngozi za wanyama. Basi safari ya kuhama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye mmea, ambayo leo inatangazwa kuwa uvumbuzi katika maonyesho ya mitindo ya Ulaya, Baganda waliimaliza zaidi ya miaka 200 iliyopita, bila hata tone la plastiki. Ndiyo maana naanza kwao ninapozipima “ngozi za mimea” zilizopo sokoni sasa.

Msimu wa mvua, fundi huchuna gome la mutuba likiwa bado na utomvu. Shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya huota. Mti haukatwi, na baada ya muda huvunwa tena. Chini ya kibanda, gome la ndani hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kwanza mipana, baadaye myembamba, mpaka litanuke na kulainika. Likianikwa, jua ndilo linalolitia rangi yake ya udongo mwekundu. Mafundi ni wa ukoo wa Ngonge, wakiongozwa na kaboggoza, mkuu wa kurithi. Mutuba wenyewe husimama shambani kati ya migomba na mibuni, ukiipa kahawa kivuli. Nguo, chakula na biashara vimo katika shamba moja, na sijaona kiwanda chochote cha mitindo endelevu kilichofikia mpango huo.

Lubugo lilirudi nyuma pale misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani yetu ilipofikisha vitambaa vya pamba Buganda katika karne ya 19. Likabaki la kutawazia, la tambiko na la kuzikia, na kwa vijana wengi likawa nguo ya msiba. UNESCO ililitambua mwaka 2005 kama turathi ya binadamu.

Ufilipino ina hadithi inayofanana, ila imegawanyika mara mbili. Nanasi lililetwa huko na Wahispania. Katika jimbo la Aklan, jani lake hukwanguliwa kwa kipande cha sahani ya kauri mpaka nyuzi zitokee. Kisha nyuzi hizo huunganishwa kwa mafundo, moja baada ya nyingine, na kufumwa kuwa piña, kitambaa chepesi kinachoshonewa barong, shati la heshima la wanaume. Miaka ya 1990 alifika Mhispania Carmen Hijosa, mshauri wa sekta ya ngozi. Madhara ya utengenezaji wa ngozi yalimchukiza, na piña ikamfungua macho. Kazi yake ya miaka mingi ilizaa Piñatex, “ngozi ya mimea” inayotumia majani ya nanasi yanayobaki shambani baada ya mavuno. Mita moja ya mraba huhitaji majani yapatayo 480. Mkulima anapata kipato kwenye kitu alichokuwa akikiacha kioze au akikichoma. Hilo ni jambo jema, na nalisifu kwa dhati.

Lakini tazama kilichomo. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, Piñatex ya kawaida ina nyuzi za nanasi asilimia 72; asilimia 18 ni plastiki itokanayo na mahindi, na inayobaki ni poliurethani, nusu yake ikitokana na mafuta ya petroli. Mfumaji wa Aklan hahitaji plastiki yoyote kati ya hizo. Nyuzi ni zilezile. Tofauti ni kwamba kitambaa cha pili kimetakiwa kionekane kama ngozi ya ng’ombe, na ule mng’ao wa juu hupatikana kwa kupaka plastiki.

Meksiko imesukuma mambo mbele zaidi. Desserto, “ngozi ya mimea” iliyoonyeshwa Milan mwaka 2019, hutokana na dungusi kakati za Zacatecas, mmea usiohitaji kumwagiliwa. Watafiti wa taasisi ya FILK ya Freiberg, Ujerumani, walipochapisha vipimo vyao mwaka 2021, walieleza kuwa Desserto imepakwa poliurethani, na kwamba hakuna mbadala wowote walioupima uliofikia uimara wa ngozi kwa vigezo vyote. Dungusi ipo, lakini imezamishwa ndani ya plastiki.

Njombe, Tanzania, nayo ina gome lake. Miwati, miti iliyotoka Australia, imepandwa huko kwa miongo mingi ili gome lake litoe tanini ya kutengenezea ngozi, badala ya kromiamu inayotumiwa na viwanda vingi duniani. Mwati hukatwa ndipo uchunwe, tofauti na mutuba. Hata hivyo, ngozi ya ng’ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, ikitengenezwa kwa tanini ya gome, mimi naiona safi kuliko mkoba wa petroli wenye picha ya dungusi kwenye lebo.

Lubugo lina mipaka yake: halipendi maji, wala haliwezi msuguano wa soli. Halitakuwa buti. Linaweza kuwa koti, mkoba, jalada la kitabu, kifuniko cha taa, na José Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, amelipandisha jukwaani likiwa na sura yake ya gome, mikunjo na viraka vyake vikionekana. Hiyo ndiyo njia ninayoiunga mkono: mmea upewe kazi unayoiweza, usilazimishwe kuiga mnyama.

Wabunifu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, nendeni kwa mafundi wa Ngonge kabla ya kuagiza “ngozi ya mimea” kutoka nje. Nawe mnunuzi, unapouziwa mkoba wa nanasi au dungusi, uliza asilimia ya plastiki iliyomo. Muuzaji asiyeweza kuitaja, usimpe fedha yako.